Barua ya wazi kwa wachungaji na wazee wa kanisa kuhusu huduma ya uimbaji

KWA: Wachungaji, wazee wa kanisa na wajumbe wa kamati za ibada
KUTOKA: Walimu wa kwaya, waimbaji, wapiga vyombo na mafundi mitambo

YAH: HUDUMA YA UIMBAJI KUACHWA BILA UANGALIZI

Wapendwa watumishi wa Mungu,

Bwana Yesu asifiwe.

Tunawaandikia kwa heshima mnayostahili kama waangalizi wa kundi la Bwana. Yaliyomo humu si mageni masikioni mwenu. Yamesemwa kwenye vikao, yameandikwa kwenye mihtasari, yamepelekwa na viongozi wa kwaya kwa njia zote za kawaida, na jibu limekuwa lile lile: tutaliangalia, endeleeni kuomba. Tunaendelea kuomba. Ila yapo mambo yanayosubiri uamuzi wa kikao, na kikao hicho ni chenu. Ndiyo maana tunayasema hadharani, ili na washirika wanaokaa kwenye viti kila Jumapili wajue kwa nini uimbaji wao umefika ulipofika.

Hoja yetu kubwa ni moja. Uimbaji ni sehemu ya huduma ya Neno, nanyi mnausimamia kana kwamba upo kwa ajili ya kujaza muda kati ya matangazo na mahubiri. Mtume Paulo, katika Wakolosai 3:16, anaagiza neno la Kristo likae kwa wingi ndani yetu, na papo hapo anataja zaburi, nyimbo na tenzi za rohoni, akizipa kazi ya kufundisha na kuonya. Mhubiri hapandi mimbarini kabla hamjajua atahubiri nini, amefundishwa wapi na anaishije. Mwimbaji haulizwi hata moja kati ya hayo, ilhali maneno anayoyaimba ndiyo watu wanayoondoka nayo mdomoni kwa wiki nzima.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Ratiba hutufikia saa za mwisho

Masomo ya Biblia na mada ya ibada mhubiri huwa nayo siku nyingi kabla. Mwalimu wa kwaya huletewa Jumamosi jioni, au asubuhi ya ibada yenyewe. Hapo inaanza kazi ya zimamoto.

Tunaomba mjue wimbo unavyotengenezwa. Wimbo mpya wa sauti nne, kwa kwaya ya wanaojitolea, unahitaji mazoezi yapatayo manne ya saa mbili mbili kabla haujasimama wenyewe bila kubebwa na kinanda. Zoezi moja zuri linakwenda hivi: dakika 15 za maombi na kusoma maneno ya wimbo kama yanavyosomwa maandiko, dakika 15 za kupasha sauti, dakika 40 kila sauti ikijifunza peke yake, dakika 30 za kuunganisha, kwanza sauti mbili mbili (ya kwanza na ya nne, kisha ya pili na ya tatu), halafu zote, dakika 20 za mwisho kupitia utaratibu wa Jumapili.

Hatua hizo zikirukwa, kinachotokea kinajulikana. Sauti ya kwanza itaimba, maana ndiyo yenye wimbo. Sauti ya tatu isiyoiva itateleza na kuufuata wimbo wa sauti ya kwanza oktavu moja chini. Sauti ya pili itaganda kwenye noti mbili tatu, na sauti ya nne itaegemea gitaa la besi. Mpiga kinanda akiona hivyo anaongeza sauti ili awabebe, na kinanda kikishapanda waimbaji hawasikiani tena, wanaanza kushuka toni bila kujijua. Washirika wanasikia "leo kwaya haikuwa vizuri." Tatizo lilianza siku nne nyuma, ofisini.

Kuna pia desturi ya kukata beti kwa sababu matangazo yamerefuka. Nyimbo nyingi zimejengwa kwa mwendo: ubeti wa kwanza unaeleza dhambi, wa pili msalaba, wa tatu uzima mpya. Mkikata baada ya ubeti wa kwanza, mmewaacha watu kwenye hatia mkawakalisha. Muda ukiwa finyu kweli, tuambieni mapema tuchague wimbo mfupi unaomaliza kile ulichoanza.

2. Kusanyiko limenyamaza

Hili ndilo linalotuuma kuliko yote. Simameni mbele siku moja wakati wa sifa, muwatazame watu badala ya kutazama jukwaa. Wengi midomo imefungwa. Wanapiga makofi, wanatikisika, wengine wameshika simu wanarekodi, lakini hawaimbi. Miaka 500 iliyopita Matengenezo ya Kanisa yaliurudisha wimbo vinywani mwa watu wa kawaida kwa lugha yao. Kufikia 1524 vitabu vya nyimbo vya Walutheri vilikuwa vimeshachapwa Ujerumani kwa kusudi hilo. Sasa wimbo unarudi taratibu kwa wachache wenye maiki, na hakuna kikao kilichoamua hivyo. Umeondoka kwa uzembe tu.

Sababu zake ni za kiufundi, na karibu zote zinatibika bila gharama.

Ya kwanza ni ufunguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo umepangwa. Kiongozi wa sifa anaichukua rekodi kama ilivyo, na rekodi hiyo iliimbwa na mtu mwenye sauti ya kupanda kuliko watu wengi. Mwanamke wa kawaida ambaye hajafunzwa huimba kwa raha kuanzia A iliyo chini ya C ya kati mpaka D iliyo oktavu moja na toni moja juu ya C hiyo. Mwanamume vivyo hivyo, oktavu moja chini. Akilazimika anagusa E bemoli mara moja. Wimbo ambao kilele chake ni G umemfungia mlango. Ushusheni nusu toni tano, kilele kitakuwa D na watu wataingia. Kama beti zinazama mno ukishaushusha, maana yake noti ya chini na ya juu za wimbo ule ziko mbali mno, haufai kusanyiko: aimbe mwimbaji mmoja au kwaya, watu wapewe kiitikio. Na ile tabia ya kuruka oktavu juu kwenye kiitikio cha mwisho ili kuamsha shangwe huwaacha watu wote pale walipo, wakabaki kutazama.

Ya pili ni wingi wa nyimbo mpya. Mtu hawezi kuomba kwa maneno anayoyasikia kwa mara ya kwanza. Wimbo mpya mmoja kwa mwezi unatosha. Jumapili ya kwanza kwaya iuimbe peke yake kama wimbo maalumu. Ya pili kiongozi aimbe ubeti, watu waitikie kiitikio. Ya tatu uimbwe na wote. Jumapili ya nne uacheni, ya tano mrudishe. Ukirudi na watu wakaupokea wenyewe, umeingia. Usipopokelewa, uacheni bila kulazimisha, kuna nyingine.

Ya tatu ni maandishi. Anayebadilisha maneno kwenye skrini husubiri mstari uishe ndipo abadilishe. Amechelewa: jicho linatakiwa kuona mstari unaofuata kabla pumzi haijavutwa, kwa hiyo abadilishe kwenye neno la mwisho la mstari uliopo. Mistari miwili hadi minne inatosha kwa wakati mmoja, herufi kubwa, nyuma pasiwe na picha zinazotembea. Na palipo na vitabu, namba ya wimbo itajwe mara mbili, watu wapewe muda wa kufungua.

Ya nne, vyombo vinyamaze mara moja katika kila ibada. Ubeti mmoja tu, sauti za watu peke yake. Mara ya kwanza itakuwa aibu, maana ukimya utaonekana. Mwezi wa tatu mtasikia kitu kingine kabisa.

3. Sauti ya spika inaumiza watu

Kipimo cha usalama kinachotumiwa na taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti inakuwa maradufu na muda salama unakatwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja, 97 ni nusu saa, 100 ni robo saa. Ibada ya saa tatu yenye wastani wa desibeli 97 imempa mshirika kipimo chake mara sita. Madhara hayaonekani siku hiyo. Mtu anatoka masikio yakilia, kesho yametulia, anadhani yamepona; chembechembe za kusikia ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena. Na watoto tunawapanga mbele, mita chache kutoka kwenye spika.

Tunajua mtatukumbusha Zaburi 150 na matoazi yavumayo sana. Matoazi yale yalipigwa kwenye nyua za hekalu zenye anga wazi. Dramu ndani ya ukumbi wenye kuta za zege na paa la bati ni jambo jingine. Katika ukumbi mdogo, dramu peke yake bila spika inaweza kuvuka kipimo tulichotaja.

Suluhisho linaanzia jukwaani. Mpiga dramu atumie fimbo nyepesi au zile za vijiti vilivyofungwa pamoja. Amplifaya za magitaa zigeuziwe wapigaji wenyewe badala ya watu. Monita, zile spika za jukwaani za waimbaji kujisikia, ziwekwe upande ule ambao maiki haisikii, yaani nyuma yake. Spika kubwa ziinuliwe juu ya vichwa na kuelekezwa viti vya nyuma, ili wa mbele wasipigwe na wa nyuma wasikose. Maiki isiyotumika izimwe, kwa sababu kila idadi ya maiki zilizo wazi inapokuwa maradufu mnapoteza desibeli 3 za nafasi kabla mluzi haujaanza. Waimbaji wanane wenye maiki nane zilizo wazi muda wote ni mluzi unaosubiri zamu.

Na waimbaji wafundishwe kushika maiki kwenye mpini. Anayeifunika kichwa kwa kiganja anaziba matundu ya nyuma yanayoifanya ichague sauti ya mbele. Papo hapo inaanza kusikia kila upande, ikiwamo spika, na mluzi unapiga. Kisha fundi ndiye anayeangaliwa kwa jicho baya na kanisa zima.

4. Mafundi mitambo ni wahudumu

Tutalisema kwa kifupi. Fundi anafika kabla ya wote, anaondoka baada ya wote, na mara nyingi hapati kusikiliza mahubiri kwa utulivu hata siku moja kwa mwaka. Hana msaidizi. Vyombo vinanunuliwa na kamati ambayo haikumuuliza, ndipo anakabidhiwa spika zisizolingana na amplifaya. Nyaya za maiki zinakunjwa kwa kuzungushwa kwenye kiwiko mpaka waya wa ndani unakatika, kisha linatafutwa "pepo la mitambo." Mtu mwingine anajiwashia tu: amplifaya kwanza, miksa baadaye, spika inapiga kishindo na siku moja inaungua. Utaratibu ni miksa kwanza na amplifaya mwisho wakati wa kuwasha. Wakati wa kuzima, amplifaya kwanza na miksa mwisho. Ubandikwe ukutani. Umeme upitie kidhibiti, na waya wa ardhini uwepo kweli kweli, maana mpiga gitaa aliyegusa maiki kwa mdomo kwenye jengo lisilo na waya wa ardhini anaweza kupoteza maisha.

5. Mafunzo hayana kifungu kwenye bajeti

Sare zina kifungu. Kurekodi video kuna kifungu, au angalau kuna harambee. Mafunzo hayana. Kwaya inaweza kuwa na sare za rangi tatu huku hakuna hata mwimbaji mmoja anayesoma nota za do-re-mi, na kila wimbo unakaririwa kutoka kwenye simu, pamoja na makosa ya aliyerekodi.

Daudi hakufanya hivyo. Kenania aliwekwa juu ya uimbaji kwa sababu alikuwa stadi (1 Nyakati 15:22). Waimbaji waliofundishwa walikuwa 288, wakagawanywa zamu 24 za watu 12, na kura ikapigwa mwalimu na mwanafunzi sawasawa (1 Nyakati 25). Angalieni hesabu hiyo: kulikuwa na zamu, kulikuwa na wanaojifunza ndani ya zamu, na kulikuwa na mapumziko. Kwetu mtu mmoja anapiga kinanda Jumapili 52, misiba, harusi na mikesha, mpaka aharibikiwe ndipo tuanze kumtafuta mwingine.

Wala sisi si wa kwanza kuliandikia baraza kuhusu jambo hili. Mwezi Agosti 1730 Johann Sebastian Bach, mtunzi maarufu wa Ujerumani, akiwa msimamizi wa muziki wa makanisa ya Leipzig, aliwapelekea wakuu wa mji andiko la kueleza mahitaji ya muziki wa kanisa wenye utaratibu. Aliwapa hesabu: kila kwaya iwe na waimbaji wasiopungua 12, na 16 ni bora zaidi, ili mmoja akiugua sauti yake isife, wapiga vyombo wawe 18 hadi 20. Akawachambua na wanafunzi aliokuwa nao: 17 wanafaa, 20 bado, 17 hawafai. Aliwaorodhesha kwa majina. Sisi tunaomba mkubali hesabu ya namna hiyo ifanyike katika kila kwaya, kwa upole na kwa ukweli: nani anashika sauti yake peke yake, nani anaweza akisimama karibu na aliyeshika, nani anahitaji kufundishwa upya, nani angefaa huduma nyingine.

Mafunzo tunayoyataka ni ya kawaida. Kusoma nota za sol-fa (do-re-mi), kipindi kimoja kwa wiki, na ndani ya mwaka mwimbaji wa kawaida anaisoma sauti yake kwenye karatasi. Kupumua kwa tumbo badala ya kuinua mabega. Kutunza koo: maji kabla ya kuimba, kupasha sauti dakika 10 hata asubuhi ya ibada, kutokemea kwa kelele mkesha mzima kisha ukaja kuongoza sifa saa mbili baadaye. Mwimbaji aliyekauka sauti apumzishwe. Kunong'ona si kupumzika, koo linaendelea kuumia. Na ukavu ukizidi wiki tatu aende kwa daktari, asipewe tu tangawizi na maombi. Wavulana wanaovunja sauti wasilazimishwe kubaki sauti ya kwanza wala kusukumwa kwenye besi. Wapewe noti chache za katikati mpaka sauti itulie.

6. Hakuna anayesoma maneno ya nyimbo

Chukueni orodha ya nyimbo zilizoimbwa miezi mitatu iliyopita, mzipange kwa yaliyomo. Ngapi zinamtaja Yesu na kazi yake msalabani? Ngapi ni toba? Ngapi zinamzungumzia Mungu kuliko zinavyowazungumzia maadui zangu na baraka zangu zinazokuja? Na aliyefiwa Ijumaa ataimba nini Jumapili? Katika kitabu cha Zaburi, maombolezo ni mengi kuliko aina nyingine yoyote ya zaburi, na ya 88 inaishia gizani bila faraja. Mungu aliyaruhusu maneno hayo yaimbwe mbele zake. Sisi tumeyafuta, tukamwambia mwenye machozi arukeruke.

Hatusemi nyimbo za shangwe zipunguzwe. Tunataka mchungaji akae na mwalimu wa kwaya na watunzi, asome maneno kabla hayajafika madhabahuni, aulize: haya yana Maandiko gani nyuma yake? Asikie pia namna yanavyoimbika. Mkazo wa neno la Kiswahili unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtunzi akiiweka silabi ya mwisho kwenye pigo zito, "Bwana" inakuwa "bwaNA" na msikilizaji anahangaika kutambua kilichosemwa. Ni kazi ya nusu saa mezani. Na jina la mtunzi litajwe, ruhusa yake iombwe kabla ya kurekodi. Wimbo ulioibwa hauwi sadaka.

7. Watu wenyewe hawana mchungaji

Waimbaji huitwa ofisini wakikosea. Nje ya hapo hawatembelewi wala hawafundishwi kama kundi. Halafu tunashangaa kwaya inageuka uwanja wa magomvi.

Zaidi ya hayo, kuna uonevu wa aina mbili tunaoushuhudia. Mwimbaji wa mstari wa nyuma akianguka dhambini anasimamishwa Jumapili ile ile. Mpiga kinanda akianguka, kimya, kwa sababu yuko peke yake na hakuna wa kushika nafasi. Hapo ustadi umemnyima mtu huyo nafasi ya kutubu, na kanisa linajua. Mkiwa na wapiga vyombo wawili kwa kila chombo, mtakuwa huru kumchunga kila mmoja kama nafsi.

Kuhusu malipo, yawekwe wazi. Nehemia 13 inaeleza jinsi Walawi na waimbaji walivyokimbilia mashambani kwao kwa sababu hawakupewa posho zao, na Nehemia aliwagombeza wakuu, hakuwagombeza waimbaji. Anayejitolea aambiwe wazi kwamba anajitolea, arudishiwe angalau nauli na gharama ya nyuzi za gitaa. Anayelipwa alipwe kwa makubaliano ya maandishi, kwa tarehe. Bahasha ya kificho kwa mmoja na "Mungu atakulipa" kwa mwenzake aliyekaa pembeni yake imevunja kwaya nyingi kuliko ukosefu wa fedha.

Majibu ambayo tumeshayasikia

"Mungu anaangalia moyo." Ni kweli, na moyo unaompenda unajiandaa. Zaburi 33:3 inaagiza kupiga kwa ustadi, katika mstari ule ule unaotaka shangwe.

"Fedha hakuna." Karibu nusu ya tuliyoyaeleza ni bure: kushusha ufunguo, kuleta masomo mapema, kuzima maiki, kusoma maneno, kumtembelea mwimbaji. Yanayohitaji fedha yanaweza kuanza na gharama ya sare za mara moja.

"Waimbaji wana kiburi." Kiburi kipo, na jukwaa hukilisha. Mtu asiyefundishwa Neno, anayepigiwa makofi kila wiki na kuonywa mara moja kwa mwaka, atatoka vipi asiwe na kiburi? Dawa yake iko mikononi mwa wachungaji.

"Roho Mtakatifu hapangiwi ratiba." Roho yule yule alimwongoza Paulo kuandika kwamba mambo yote yatendeke kwa uzuri na kwa utaratibu (1 Wakorintho 14:40), sura ile ile anayosema ataimba kwa roho na kwa akili pia. Kwaya iliyojiandaa ndiyo inayoweza kubadilisha wimbo katikati ya ibada mhubiri anapoomba, kwa sababu ina nyimbo tatu za akiba zilizoiva.

Tunachoomba

Kwanza, ateuliwe mzee au mchungaji mmoja awe mlezi wa uimbaji, ahudhurie mazoezi angalau mara moja kwa mwezi, afike mwanzo na kufundisha Neno, si kuja mwishoni kufunga kwa sala.

Pili, masomo na mada za ibada zikabidhiwe kwa mwalimu wa kwaya wiki nne kabla, na mabadiliko ya baadaye yapite kwake.

Tatu, bajeti ijayo iwe na kifungu cha mafunzo na matengenezo ya vyombo, kisichopungua kile cha sare.

Nne, wastani wa sauti mahali walipo washirika usivuke desibeli 88, watoto wahamishwe mbali na spika, na fundi apewe kifaa cha kupimia sauti, msaidizi na mamlaka ya kusimamia kiwango hicho hata mgeni maarufu akiwa jukwaani.

Tano, ndani ya miezi 12 kila chombo na mitambo viwe na mtu wa pili anayeweza kushika ibada nzima peke yake.

Sita, maneno ya kila wimbo mpya yapitiwe na mlezi kabla ya kuimbwa, na nyimbo za kusanyiko zipangwe kwenye funguo ambazo kusanyiko linaziweza.

Saba, malipo na marejesho ya gharama yaandikwe.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 60, likieleza lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa nini, na nani atalisimamia. Tuko tayari kukaa nanyi siku yoyote mtakayotuita, tukiwa na orodha za nyimbo, hesabu ya vyombo na vipimo vya sauti mikononi. Jumapili tutakuwa kwenye nafasi zetu kama kawaida.

Wenu katika huduma ya Kristo,

Walimu wa kwaya, waimbaji, wapiga vyombo na mafundi mitambo

Nakala: Washirika wote